Mtepe Ndani ya Jumba

Ukiusogelea mtepe, jicho hutafuta msumari lisiupate. Sisi tuliokulia karibu na majahazi tumezoea kuviona vichwa vya misumari vimejipanga kando ya kila ubao, vimezibwa na kupakwa sifa, na chini yake kutu imechuruzika. Hapa hakuna. Mbao zimekutana ukingo kwa ukingo, na kwa ndani kila maungio yamelaziwa bunda refu la nyuzi za kumbi, na juu ya bunda hilo imepita kamba, ikiingia tundu hili na kutokea lile, kutoka omo mpaka tezi. Chombo kizima kimeshonwa.

Huu ninaouzungumzia unaitwa Shungwaya. Ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuiga mitepe ya zamani, kwa ukubwa wake halisi, ukawekwa katika uwanda wa chini wa Beit al-Ajaib, lile jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883 linalotazamana na Forodhani ya Zanzibar, ambalo wakati huo lilikuwa makumbusho. Jina lake ni la ile nchi ya kaskazini ambayo wazee wa Kibajuni na wa Kimijikenda huitaja wanaposimulia walikotoka. Jina hilo liliufaa, maana mtepe ni chombo cha kaskazini: cha Pate, Faza na Siyu, na cha visiwa vya Wabajuni vinavyopanda mpaka karibu na Kismayu.

Wageni wengi waliingia, wakaupiga picha, wakaenda kulitazama gari la Mzee Karume, kisha wakapanda juu kuiona bahari kutoka barazani. Mimi nilibaki chini na chombo. Nilianza omo, ambako gubeti limetoka mbele kwa shingo ndefu. Wazee wa Lamu walikuwa wakisema kwamba omo ya mtepe ni kichwa cha ngamia wa Mtume, na ndiyo maana huchorwa jicho. Nikaufuata ubavu mpaka tezi, nikarudi kwa upande wa pili, kiganja kikiwa karibu na mbao bila kuzigusa. Kisha nikapanda ghorofani, nikaegemea ukingo na kuuchungulia kwa juu. Kutoka pale unaliona tumbo lote, na hapo ndipo unapouelewa mtepe, kwa sababu kazi yake kubwa iko ndani. Hata mataruma yamefungwa kwa kamba. Fundi wa jahazi la misumari anaweza kusimamisha mataruma kwanza, akayapigilia mbao juu yake. Fundi wa mtepe alishona mbao kwanza, akalipata umbo la chombo kwa jicho lake, halafu akayatia mataruma kulifuata umbo hilo. Hakuwa na kiunzi cha kumwongoza. Pembe ya kila ubao aliijua kabla ya kuuchonga.

Hakuna mtepe wa zamani uliobaki mzima. Mitepe ya mwisho ilikuwa ikionekana baharini mpaka miaka ya 1930, ikatoweka. Anayetaka kuujenga leo anategemea vile vyombo vidogo vya mfano vilivyohifadhiwa Lamu na kwingineko, picha chache, na maandishi ya watu kama James Hornell, aliyeueleza mtepe mwaka 1941, na A. H. J. Prins, aliyeandika kitabu kizima juu ya mabaharia wa Lamu. Ni hazina kubwa, na nawashukuru walioikusanya. Lakini maandishi yana mahali yanapoishia. Yanakwambia tundu lilitobolewa kwa kekee, kamba ikapitishwa, ikakazwa, tundu likazibwa kwa kijiti. Ikazwe kwa nguvu kiasi gani? Iwe mbichi au kavu? Nani anavuta, na nani anaishikilia isirudi wakati mwenzake anahamia tundu linalofuata? Maswali haya hayajibiwi kwa kusoma. Hujibiwa na mtu aliyekaa chini na mbao mbili, akavuta mpaka kamba ikamkatikia mikononi, akavuta tena kwa kiasi. Ndiyo maana nakitazama chombo cha kuigwa kwa heshima ambayo baadhi ya watu huiweka kwa vitu vya kale peke yake. Kila mshono wa Shungwaya ni jibu la swali ambalo lilikuwa limekaa miaka mingi bila wa kulijibu.

Na kamba yenyewe haikuhitaji kuigwa, kwa sababu haikuwahi kutuondoka.

Nenda Jambiani, Paje au Bwejuu maji yakiwa yamekupwa. Mbali kidogo na ufuo, pale ambapo bahari imeacha tope na mchanga wa kijivu, utaona mafungu ya mawe. Chini ya mawe hayo yamefukiwa makumbi. Wanawake huyafukia huko kwa miezi kadhaa, bahari ikiyafunika na kuyafunua kila siku, mpaka nyama ya kumbi ioze na nyuzi ziachane. Siku ya kuyafukua utaijua kwa harufu kabla ya kuona kitu; ni harufu nzito inayoshika nguo. Huyapigapiga kwa rungu juu ya jiwe, yakatoka maji meusi, wakayasuuza, wakayapiga tena. Kinachobaki ni usumba wa rangi ya dhahabu iliyofifia. Huanikwa, kisha husokotwa kwa viganja, uzi baada ya uzi, na nyuzi mbili husokotwa pamoja kuwa kamba.

Bibi mmoja wa Jambiani alikuwa akisokota huku akizungumza nami, mikono yake ikienda bila yeye kuitazama.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Kaa kivulini.”

Nilimuuliza kwa nini asiyaloweke makumbi nyumbani, kwenye pipa, akajiondolea safari ya kwenda na kurudi kwenye tope.

“Maji ya kisima yanaiozesha,” akasema. “Ya chumvi ndiyo yanayoikomaza. Na ukishaipata kamba yako, iweke iwe inalowa lowa. Ukiitundika ndani ikakauka mwaka mzima, siku utakayoihitaji itakukatikia.”

Anaiuza kwa wanaoezeka makuti na wenye ngalawa. Kamba ya nailoni imemnyang'anya wateja wengi. Nilimweleza habari za mtepe, kwamba zamani vyombo vizima vilishikwa na kamba kama yake. Hakushangaa. Aliivuta aliyokuwa nayo kwa mikono miwili, akanipa niivute. Haikutikisika.

Maneno yake juu ya kukauka nimeyafikiri sana, kwa sababu yanagusa jambo ambalo makumbusho hayawezi kulikwepa. Chombo cha kushonwa hakikuwahi kuwa kitu kilichokamilika. Kamba ilichoka kwa jua, kwa chumvi na kwa kusuguana na mbao, na kila baada ya muda chombo kilipandishwa pwani, kikafumuliwa na kushonwa upya. Ubao uliooza ulitolewa, wa pili ukachongwa kwa kipimo chake. Ubavu ulipakwa mafuta na chokaa ili kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Tanga lake lilikuwa jamvi la miyaa, la pembe nne, na jamvi halidumu. Wasusi waliendelea kusuka jingine huku la kwanza likiwa bado mlingotini. Mtepe uliosafiri miaka ishirini ulikuwa umeshashonwa mara nyingi, na mikono iliyoushona mwisho pengine haikuwa ile iliyoushona mwanzo. Sasa niambie, katika mtepe huo, kipi ni cha asili na kipi ni cha kuigwa?

Kwangu mimi jibu liko wazi. Kuiga ndiyo iliyokuwa njia ya mtepe kuishi. Kizazi kimoja kilikiachia kingine chombo kinachodai kufanywa tena, na pamoja nacho kikakiachia ujuzi wa kukifanya. Ulipotoweka katika miaka ya 1930, mbao za mwisho hazikuwa hasara kubwa. Mbao zingeoza tu. Kilichokatika ni kule kukaa kwa kijana upande wa ndani wa chombo, akishika kamba anayosukumiwa na baba yake kutoka nje.

Na ulikuwa mnyororo mrefu. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kilichoandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, kinaitaja pwani hii na vijahazi vyake vya kushonwa. Al-Masudi, aliyekuja mpaka kisiwa cha Qanbalu mwaka 916, aliwaeleza wasomaji wake kwamba maji ya bahari hii hula chuma, kwa hiyo watu wakaacha misumari. Wengine katika zama zile walisimulia habari za milima ya sumaku chini ya bahari, inayozivuta pini za merikebu mpaka zikafumuka. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisema jambo ambalo nahodha yeyote wa maji madogo angelikubali: chombo cha kushonwa kikigonga mwamba hunepa, na cha misumari hupasuka. Mimi ningeongeza la kawaida zaidi. Chuma kilikuwa ghali, na minazi ilikuwa mlangoni. Mtepe ulifanya kazi katika vijito vya mikoko, ulikaa juu ya tope maji yakitoka, ukapakia boriti, ukaelea maji yaliporudi. Kwa kazi hiyo, chombo kinachonepa kinafaa kuliko kigumu. Udhaifu wake ulikuwa upepo wa mbele. Tanga la jamvi ni zuri kwa upepo wa nyuma, lakini kwa kupiga bisho halifui dafu mbele ya tanga la pembe tatu, na katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 jahazi na mashua za misumari ziliwashinda wenye mitepe biashara baada ya biashara.

Kuna jingine ambalo tumbo la Shungwaya halikulionyesha, na nilipokuwa nimeegemea ukingo wa ghorofani lilinijia bila kuliita. Tumbo lile lilikuwa safi. Mbao zilikuwa na rangi moja, hazina doa la mafuta, hazina tope la mikoko. Vyombo vya pwani hii vilibeba boriti, nafaka, chumvi na samaki wakavu, na katika karne ya 19 vingi vilibeba pia watu waliotekwa bara. Soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka mlango wa Beit al-Ajaib, na aliyeutia sahihi mkataba wa kulifunga, tena kwa kushurutishwa na Waingereza, ni Barghash yuyo huyo aliyelijenga jumba. Anayejenga chombo cha kuigwa huurudisha ufundi bila shehena. Simlaumu, hawezi kufanya vinginevyo. Lakini anayezunguka chombo hicho anapaswa kuileta shehena mwenyewe, kwa kumbukumbu, yote, ile ya kujivunia na ile inayoumiza. Nilijaribu kufanya hivyo pale. Niliwapanga watu humo ndani, kati ya mihimili, nikaona jinsi nafasi ilivyo ndogo, nikashuka ngazi nikiwa kimya.

Baada ya hapo jumba lilifungwa kwa wageni ili lifanyiwe ukarabati, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, upande wake mmoja uliporomoka ukaua watu. Msiba ule ni wa wenye ndugu zao, na sitaki kuutumia kama hoja. Nasema tu kwamba chombo kilichowekwa ndani ya jengo hutegemea uzima wa jengo. Baharini mtepe ungetegemea mabaharia wake.

Wenzetu upande wa pili wa bahari walilifikiria suala hili kwa namna nyingine, na inafaa tuwatazame. Mwaka 1980, katika mji wa Sur, Oman, lilijengwa jahazi la kushonwa lililoitwa Sohar, kwa shauri la msafiri na mwandishi Tim Severin na kwa gharama za serikali ya Oman. Mbao zilitoka pwani ya Malabar, kamba ilikuwa ya nazi, maili 400 hivi ukiinyoosha, na walioshona walitoka visiwa vya Lakshadweep, ambako kazi hiyo haikuwa imekufa. Novemba mwaka huo Sohar iling'oa nanga Muscat, na Julai 1981 ikaingia Guangzhou, China. Kati ya Sri Lanka na Sumatra upepo uliwaacha kabisa, foromali kuu ikawavunjikia, wakawa wanakinga maji ya mvua wapate ya kunywa. Hayo yote ni maarifa. Hakuna chumba cha makumbusho kitakachomfundisha mtu jinsi chombo cha kushonwa kinavyolia usiku, kamba zake zinavyolegea na kujikaza.

Sohar sasa imesimama kwenye mzunguko wa barabara, karibu na hoteli ya Al Bustan Palace, Muscat. Nilipelekwa na ami yangu, ambaye kama maelfu ya wenzake waliotoka Zanzibar anaishi huko na bado nyumbani kwake wanazungumza Kiswahili. Magari yalikuwa yakituzunguka pande zote.

“Watoto hapa wanaijua,” ami akaniambia. “Ukimwelekeza mtu njia unamwambia, ukifika penye jahazi pinda.”

“Na habari yake wanaijua?”

“Wachache. Lakini lilikwenda, mwanangu. Hilo huwezi kuliondoa. Lilikwenda China.”

Alilisema hilo kwa fahari, na nilimwelewa. Ilipofika miaka 30 tangu Sohar, Oman ilifanya tena. Mwaka 1998 wazamiaji wa Indonesia walikuwa wameiona, karibu na kisiwa cha Belitung, merikebu iliyozama katika karne ya 9 ikiwa na vyombo vya udongo vya China karibu 60,000, na bakuli moja kati yake lina tarehe ya mwaka 826. Merikebu yenyewe haikuwa ya Kichina. Ilikuwa imeshonwa, kwa mtindo wa bahari yetu. Kwa kuufuata mfano wake lilijengwa, katika ufuo wa Qantab karibu na Muscat, jahazi la mita 18 lililopewa jina la Jewel of Muscat. Mafundi walitoboa matundu kama 37,000 kwa mkono. Februari 2010 likaondoka; njiani milingoti ikaonekana ina nyufa, wakakata miti mipya Sri Lanka; Julai 3 likafika Singapore, likakabidhiwa kwa watu wa huko kuwa zawadi.

Katika habari za Belitung kuna jambo moja linalotuhusu sisi kwa karibu. Wataalamu walipozichunguza mbao zake walikuta nyingi ni za Afzelia africana, mti wa Afrika. Ni ndugu wa mbambakofi wetu, mkongo kwa wengine, ule ule tunaochongea milango ya Mji Mkongwe. Kwa hiyo merikebu iliyozama upande wa pili wa dunia, na shehena ya China tumboni, ilikuwa na ubavu wa mti wa Kiafrika ulioshikwa kwa kamba. Nani aliukata mti huo, akauburuta mpaka pwani ipi, akauuza kwa nani? Sisi ndio tunaostahili kuliuliza swali hili kwa sauti kubwa zaidi, na majibu yake mengine hayamo maktabani. Yamo katika tezo na kekee, kwa fundi atakayeuchukua mbambakofi, auchonge, autoboe, aushone, aone unavyonepa.

India nao hawakukaa. Mei 2025, katika bandari ya Karwar, jeshi lao la majini lilipokea Kaundinya, merikebu ya kushonwa iliyojengwa na mafundi wa Kerala kwa kuufuata mchoro wa kale wa mapango ya Ajanta. Merikebu ya kamba imeingia katika orodha ya vyombo vya jeshi la majini la nchi kubwa, na waliojenga ni watu wa pwani waliorithi kazi hiyo kwa wazee wao.

Na mtepe je? Pwani iliyokitumia chombo cha kushonwa kwa karibu miaka 2,000 haiwezi kuridhika na mmoja uliowekwa chini ya paa. Nasema hivi bila kuwadharau waliojenga Shungwaya. Kinyume chake, wao ndio waliotuonyesha kwamba inawezekana. Waliifufua nusu ya jambo, na hiyo nusu ndiyo ngumu. Iliyobaki ni kuutia majini. Matondoni, Lamu, bado wanachonga majahazi. Nungwi bado wanachonga. Mikoko ipo, mbambakofi ingawa umepungua upo, kamba inasokotwa Jambiani leo hii, na kila mwaka kaskazi huvuma kutoka Lamu kuelekea Zanzibar bila kumwomba mtu ruhusa. Mtepe mmoja, ujengwe Pate au Faza na vijana wa huko huko, ushuke na kaskazi ukiwa na boriti chache, ukae Unguja mpaka kusi ianze, urudi nayo. Ukivuja, ufumuliwe. Tanga likichanika, lisukwe. Gharama yake kubwa itakuwa ya kuushona tena na tena, na hiyo ndiyo gharama ninayotaka serikali mbili zinazotawala Lamu na Unguja zikubali kuilipa, kwa sababu kila mara unaposhonwa, kuna kijana ndani anayejifunza.

Haya niliyasema kwa fundi mmoja wa Nungwi, mzee aliyekuwa akimalizia jahazi la kuvulia. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachonga. Kisha akaanza kuniuliza yeye.

“Tundu linakaa mbali gani na ukingo wa ubao?”

Nikamwonyesha kwa vidole, kadiri nilivyoona.

“Likikaribia zaidi ubao utapasuka ukivuta. Na kamba ipite wima, au ikate msalaba?”

“Yote mawili, mzee.”

Akatikisa kichwa, akafikiri. Alikwenda kwenye lundo la vipande, akachagua viwili, akavilinganisha kwa randa mpaka mwanga usipite katikati. Akachukua kekee, akatoboa matundu matatu upande huu na matatu upande ule, akilipuliza vumbi kila mara. Nilikuwa na pindo la kamba ya Jambiani mkobani. Akaliloweka katika ndoo ya maji ya bahari aliyokuwa akinolea, akangoja, akalipitisha, akavuta kwa mguu na mikono. Vipande vikakaribiana, lakini alipoviinua vilicheza.

“Imelegea,” akasema. “Mtu mmoja haiwezi kazi hii. Nikihamia tundu la pili, la kwanza linarudi nyuma.” Akamwita kijana wake aliyekuwa akiziba nyufa upande wa pili wa jahazi. “Njoo ushike hapa. Mimi nikivuta, wewe tia kijiti kwenye tundu uibane, usiiachie mpaka nikwambie.”

Walifumua, wakaanza upya. Kwenye tundu la tatu kamba ilikwisha, na fundi akaniuliza yule bibi wa Jambiani anauza pima moja kwa shilingi ngapi.